Maswali ya wasomaji: Njia moja, seva mbili, na faili lisiloonekana

Barua za safari hii zimetoka Dodoma mjini, Kibaigwa, Mpwapwa, Kondoa na kwingineko kanda ya kati, na karibu zote zinalia na kitu kimoja: folda za ofisi zinazosheawa kwa mfumo wa DFS wa Windows Server. Majina ya seva na domeni (mtandao wa kompyuta za ofisi zinazosimamiwa pamoja) tumeyabadilisha. Kila utakapokuta \\ofisi.local\Nyaraka, weka la kwenu.

Kwanza tuelewane kuhusu mfumo wenyewe. DFS ni kazi mbili zinazofanywa na huduma mbili tofauti. Ya kwanza inaelekeza: ukiandika \\ofisi.local\Nyaraka\Mahesabu, kompyuta yako inauliza folda hiyo iko wapi, inapewa orodha ya seva, inachagua moja na kwenda. Ya pili inarudufisha: inabeba mabadiliko kutoka seva hii kwenda ile ili nakala zifanane. Moja inaweza kufa huku nyingine ikichapa kazi kama kawaida, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Folda inafunguka vizuri kabisa, kumbe unachokiona ni cha juzi.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitu, jua uko kwenye seva ipi. Bofya kulia kwenye folda, chagua Properties, fungua kichupo cha DFS. Utaona seva zote zinazobeba folda hiyo, na ile unayoitumia wakati huo imeandikwa Active. Kichupo hicho kisipokuwepo, mara nyingi maana yake folda umeifungua kwa jina la seva yenyewe, kama \\SEVA-DOM\Mahesabu, wala DFS haihusiki.

Habari za kazi, wataalamu. Mimi ni mhasibu wa chama cha ushirika hapa Kibaigwa. Naweka stakabadhi za mahindi kwenye folda ya pamoja mchana, lakini wenzangu wa ofisi ya Dodoma mjini hawazioni hadi kesho yake, siku nyingine kesho kutwa. Tukipigiana simu kila mmoja anadai folda yake ndiyo sahihi. Tatizo ni intaneti?
*Mhasibu, Kibaigwa*

Ndugu mhasibu, nyote mnasema kweli. Wewe unaandika kwenye SEVA-KBG iliyo hapo ofisini, wao wanasoma SEVA-DOM. Njia ni moja, nakala ni mbili, na mzigo wako bado uko barabarani. Cha kutafuta ni umekwama wapi.

Mwombe anayesimamia seva afungue dirisha la amri kama msimamizi, aandike kwa mstari mmoja:

dfsrdiag backlog /rgname:"ofisi.local\nyaraka\mahesabu" /rfname:"Mahesabu" /smem:SEVA-KBG /rmem:SEVA-DOM

Itatoa idadi ya mafaili yanayosubiri kutoka Kibaigwa kwenda mjini, pamoja na majina ya 100 ya kwanza. Kisha abadilishane nafasi za smem (seva inayotuma) na rmem (inayopokea) apime upande wa pili, maana foleni ya kwenda na ya kurudi ni mbili tofauti na mara nyingi ni moja tu inayoumwa. Arudie baada ya robo saa. Namba ikishuka, mzigo unatembea, ila laini ni nyembamba. Ikiganda palepale, kuna kilichokwama. Ikipanda mchana kutwa na kuanza kushuka usiku, akatazame ratiba.

Hiyo ratiba ndiyo tunayoishuku kwanza kwa maelezo yako. Mafundi wengi huruhusu urudufishaji usiku tu, ili mchana laini ibaki kwa kazi nyingine. Si vibaya. Lakini kwenye DFS Management (dirisha la kusimamia DFS) ratiba inaweza kusomwa kwa saa za seva inayopokea au kwa UTC (saa ya kimataifa), na sisi tuko saa 3 mbele ya UTC. Fundi aliyejaza 18:00 hadi 06:00 akikusudia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, kama aliiacha kwenye UTC, amepata saa tatu usiku hadi saa tatu asubuhi. Stakabadhi uliyoweka saa nne asubuhi imeshalikosa basi: itakaa Kibaigwa mpaka saa tatu usiku ndipo ianze safari. Ikiwa foleni ni ndefu na saa tatu asubuhi inafika kabla zamu yake, inalala tena. Hapo ndipo "kesho kutwa" yako inapotoka.

Ratiba ikiwa sawa, pigeni hesabu ya laini. Mbps ni biti, wala si baiti. Laini ya Mbps 4 inabeba kama MB 0.5 kwa sekunde, yaani GB 1.8 kwa saa, tena pale ambapo hakuna mwingine anayeitumia. Skani za GB 9 zitahitaji saa 5. Na muangalie kasi ya kupandisha, kwa sababu ndiyo inayotumika kutoka kwenu kwenda mjini, na mara nyingi huwa ndogo kuliko ile ya kushusha inayotangazwa. Kabla ya kununua laini kubwa, tazameni skana: stakabadhi iliyoskaniwa kwa rangi na dpi 600 haina faida yoyote juu ya ile ya dpi 200 nyeusi na nyeupe, ila uzito.

Kuna na folda ya maandalizi, inayoitwa staging. Kabla faili halijaondoka, DFS hulibana na kuliweka humo. Nafasi yake ya kuanzia ni MB 4096. Ikijaa kufikia asilimia 90, huduma inafuta vya zamani hadi ishuke asilimia 60. Sasa kama mafaili makubwa ni mengi, seva inashinda ikibana, ikifuta, kisha inabana upya lilelile ililolifuta. Ndani ya Event Viewer (orodha ya matukio ya seva), kwenye kumbukumbu ya DFS Replication, matukio 4202 na 4204 yatakuwa yanafuatana. Yakitokea mara mojamoja msihangaike. Yakija mara kadhaa ndani ya saa moja, panueni. Kipimo anachotoa Microsoft kwa folda ya kusoma na kuandika ni kwamba staging isipungue jumla ya mafaili 32 makubwa kuliko yote katika folda hiyo. PowerShell (dirisha jingine la amri la Windows) itawahesabia:

((Get-ChildItem D:\Nyaraka\Mahesabu -Recurse -File | Sort-Object Length -Descending | Select-Object -First 32 | Measure-Object Length -Sum).Sum)/1GB

Jibu likija 11 na kitu, wekeni MB 12288, kwenye seva zote mbili.

Na mwambie yule anayeacha kitabu cha Excel wazi toka asubuhi hadi jioni akifunge. Faili lililoshikiliwa na programu DFS hailibebi. Upande unaotuma utaandika tukio 4304, unaopokea 4302, na jina la faili litakuwemo.

Ofisi yetu iko Area D na seva iko chumba cha pili. Siku nyingine folda inafunguka papo hapo, siku nyingine faili la MB 3 linachukua dakika nzima. Tumebadilisha swichi, tumebadilisha waya, hali ni ileile. Wanaoumia zaidi ni wa ghorofa mpya.
*Msomaji, Area D*

Maneno matatu ya mwisho ndiyo jibu lenyewe. Swichi mliyoitupa yawezekana ilikuwa nzima.

Siku ikiwa nzito, nendeni kwenye kompyuta ya ghorofa mpya mkafungue kile kichupo cha DFS. Tunatarajia mkute Active iko kwenye SEVA-MPW, kule Mpwapwa. Kompyuta inaruka seva ya chumba cha pili, inakwenda kusoma wilayani na kurudi.

Sababu yake ni hii. DFS haijui kuta wala ghorofa. Inajua "saiti" zilizoandikwa kwenye Active Directory (orodha ya watumiaji na kompyuta za domeni), na kila saiti ina orodha ya masafa ya anwani za IP. Kompyuta ikiuliza, DFS inatazama anwani yake, inatafuta iko saiti gani, halafu inaanza na seva za saiti hiyo. Mlipofungua ghorofa mpya, fundi wa mtandao akawapa masafa mapya, tuseme 192.168.30.0/24, hakuna aliyemkumbusha msimamizi wa domeni ayasajili. Kompyuta isiyo na saiti inaweza kupewa seva yoyote kwanza. Leo bahati, kesho Mpwapwa.

Thibitisheni kwenye kompyuta yenyewe kwa amri nltest /dsgetsite. Ikijibu jina la saiti ya Dodoma, dhana yetu imekufa. Ikijibu ERROR_NO_SITENAME, mmeshika mwizi. Kutaka orodha ya wote walioachwa nje, fungueni kwenye kidhibiti cha domeni (seva inayosimamia domeni) faili C:\Windows\debug\netlogon.log na kutafuta NO_CLIENT_SITE. Kila mstari una jina la kompyuta na anwani yake, na mtaona zinavyorundikana kwenye masafa mamoja.

Dawa ni dakika mbili: Active Directory Sites and Services, bofya kulia Subnets, New Subnet, andika 192.168.30.0/24, chagua saiti ya Dodoma, OK. Lakini msitegemee nafuu saa hiyohiyo. Kompyuta huhifadhi maelekezo iliyopewa kwa sekunde 1800 kwa folda na sekunde 300 kwa mzizi wa jina (\\ofisi.local\Nyaraka). Kuiwasha upya kunatosha. Penye zana za usimamizi, dfsutil cache referral flush inafanya kazi hiyo bila kumkatisha mtu kazi.

Kisha, kwenye DFS Management, wekeni tiki kwenye Clients fail back to preferred targets. Bila tiki hiyo, seva yenu ikizimika dakika tano asubuhi, kompyuta zinahamia Mpwapwa na zinaweza kubaki huko hata baada ya seva kuwaka. Msiiondoe Mpwapwa kwenye orodha kwa hasira. Kama mnaitaka iwe akiba tu, ipeni kipaumbele cha Last among all targets.

Wiki ile umeme ulikatika mara nyingi na UPS yetu betri imechoka. Seva iliwaka yenyewe, folda zinafunguka, lakini tangu siku hiyo vyetu haviendi Dodoma na vya Dodoma haviji. Fundi ameiwasha upya mara tatu. Event Viewer inaonyesha tukio 2213. Tufute tuanze upya?
*Mpwapwa*

Msifute chochote, na fundi aache kuiwasha upya. Tukio 2213 si uharibifu, ni huduma imesimama inasubiri amri.

DFS huweka daftari lake la kila faili ndani ya hifadhidata kwenye diski husika. Umeme ukikatika ghafla, daftari linabaki halijafungwa vizuri. Seva ikiwaka inaandika 2212, kwamba imegundua hivyo. Kuanzia hapo inategemea mpangilio: seva nyingine inajirekebisha yenyewe na kuandika 2214 ikimaliza, nyingine, hasa za Windows Server 2008 R2 na 2012 zenye masasisho, zinasimama na kuandika 2213 ili kwanza mtu anakili mafaili. Yenu ni ya kundi la pili. Kuiwasha upya mara 3 au mara 30 ni sawa, itasimama palepale.

Anzeni kwa kunakili folda yote kwenye diski ya nje. Hatua hii isirukwe, maana kazi mliyofanya Mpwapwa tangu siku ya umeme iko hapo tu, na mafaili yaliyobadilishwa pia Dodoma yatashindanishwa: la zamani zaidi litaondolewa. Kisha fungueni tukio lenyewe la 2213 na msome mwili wake mpaka chini. Amri ya kuendeleza imeandikwa humo, na namba ndefu ya diski yenu, yenye herufi na vistari, imeshajazwa. Umbo lake ni hili:

wmic /namespace:\\root\microsoftdfs path dfsrVolumeConfig where volumeGuid="namba-ya-diski" call ResumeReplication

Nakilini kutoka kwenye tukio, msiiandike kwa mkono. Herufi moja ikikosewa amri haitaipata diski. Majibu yenye ReturnValue = 0 yanamaanisha amri imepokelewa. Baada ya hapo subirini 2214. Folda yenye mamia ya maelfu ya mafaili inaweza kuchukua saa nyingi, na katikati hapo kuizima tena ni kurudi mwanzo.

Tazameni tarehe pia. Seva iliyokaa bila kurudufisha zaidi ya siku 60 huandika tukio 4012 na kukataa kushiriki, kwa sababu inahofiwa kurudisha mafaili yaliyokwishafutwa kwingine. Kwa hiyo 2213 iliyopuuzwa miezi miwili inazaa ugonjwa mkubwa zaidi. Mkifika huko: nakilini kila kitu, zimeni uanachama wa seva hiyo tu katika kundi la urudufishaji kwa Disable, endesheni dfsrdiag pollad, subirini tukio 4114, kisha Enable. Itapokea upya kutoka Dodoma. 4102 ni mwanzo, 4104 ni mwisho. Vilivyokuwepo Mpwapwa pekee vitasogezwa kwenye folda iliyofichwa ya PreExisting, ndani ya DfsrPrivate.

Kuhusu UPS: kubadilisha betri hakutoshi kama waya wa USB kati ya UPS na seva umebaki kwenye boksi. Waya huo ndio unaoiambia seva ijizime kwa utaratibu. Pangeni ianze kujizima betri ikiwa bado nusu, kwa sababu seva yenye hifadhidata inaweza kuchukua dakika kadhaa kufunga kila kitu, na betri iliyokaa chumba cha joto haiishi muda ulioandikwa kwenye karatasi.

Nilijaza bajeti ya idara siku nzima. Kumbe mwenzangu wa Dodoma alifungua faili hilohilo akarekebisha tarehe moja tu. Asubuhi kazi yangu haipo. Mbona Excel haikunionya kama kawaida kwamba linatumika?
*Kondoa*

Pole. Kwa bahati nzuri, yawezekana kazi yako haijapotea.

Onyo la Excel hutoka kwenye kufuli ambalo seva huliweka faili likifunguliwa. Kufuli hilo ni la seva moja, halivuki. Wewe ulilifungua la Kondoa, yeye akalifungua la Dodoma, na kila seva iliona mtu mmoja. Nakala mbili zilipokutana, DFS ikatumia sheria yake isiyo na huruma: aliyehifadhi mwisho ndiye mshindi. Haijali nani alijaza kurasa 40 na nani aligusa tarehe. Yeye alihifadhi saa kumi na moja na dakika tano, wewe saa kumi na moja kasoro, imekwisha.

Faili lililoshindwa halifutwi hapohapo. Linapewa jina jipya na kuwekwa kwenye ConflictAndDeleted, ndani ya DfsrPrivate, kwenye ile seva iliyoamua mgogoro. Tukio 4412 lina jina lake la zamani na jipya. Chunguzeni seva zote mbili. Kuanzia 2012 R2, PowerShell inaonyesha kilichohifadhiwa:

Get-DfsrPreservedFiles -Path "D:\Nyaraka\Mahesabu\DfsrPrivate\ConflictAndDeletedManifest.xml"

Na kulirudisha bila kugusa lililopo:

Restore-DfsrPreservedFiles -Path "D:\Nyaraka\Mahesabu\DfsrPrivate\ConflictAndDeletedManifest.xml" -RestoreToPath "D:\Rejesha" -CopyFiles

Usisahau -CopyFiles, bila hiyo yanahamishwa badala ya kunakiliwa. Na fanyeni leo, wala msisubiri wiki ijayo, kwa sababu nafasi ya folda hiyo ina kikomo na ikijaa vya zamani ndivyo vinavyoondoka kwanza.

Kwa siku za mbele, kama watu wa miji miwili lazima waandike kwenye faili moja, DFS ya seva mbili zilizo wazi haiwafai, hata mkiwa na laini nzuri kiasi gani. Iacheni seva moja tu iwe wazi kwa folda hiyo: kwenye DFS Management, bofya kulia seva ya pili, Disable Folder Target. Urudufishaji utaendelea, ila watu wote wataelekezwa kwenye seva moja na kufuli litarudi kazini. Kwa hifadhidata za Access na programu za uhasibu zinazoweka kila kitu kwenye faili moja kubwa, hatuna ushauri wa kati na kati. Zitoeni humo.

Niliongezwa kwenye kundi la Mahesabu tangu Jumatatu, bado naambiwa Access is denied. Mwenzangu yeye mara anaingia, mara anakataliwa.
*Manyoni*

Ni matatizo mawili tofauti. Lako: orodha ya makundi yako huundwa unapoingia kwenye akaunti, na haibadiliki hadi utoke uingie upya. Kufunga mfuniko wa laptop jioni na kuufungua asubuhi si kutoka. Toka kabisa, ingia, kisha andika whoami /groups uone kama Mahesabu imo.

La mwenzako linapendeza zaidi. Anayeingia mara anakataliwa huwa anaelekezwa kwenye seva tofauti. Ruhusa za NTFS (zilizoandikwa kwenye faili lenyewe) husafiri pamoja na faili kwenye urudufishaji, lakini ruhusa za kushea (za kuingia folda kupitia mtandao) hazisafiri. Kila seva ina zake. Aliyeunda folda kwenye seva ya pili aliiacha Everyone: Read au aliandika kundi jingine, na kati ya ruhusa mbili hizo inayobana zaidi ndiyo inayoshinda. Kwenye kila seva endesheni Get-SmbShareAccess -Name Mahesabu na mlinganishe. Mpangilio tunaoupenda ni kuacha ruhusa za kushea zifanane kila mahali, Authenticated Users wakiwa na Change, halafu kubana kote kufanyike kwa NTFS.

Laptop yangu inaingia intaneti vizuri ila folda ya ofisi inatoa 0x80070035. Niliweka DNS ya 8.8.8.8 ili kuongeza kasi.
*Chamwino*

Iondoe. Ofisi.local ni jina la ndani, 8.8.8.8 hailijui na haitalijua. DNS (inayotafsiri majina kuwa anwani) ya kompyuta iliyo kwenye domeni iwe kidhibiti cha domeni peke yake. Hata kuiweka 8.8.8.8 ya pili "kama akiba" ni kosa: ya kwanza ikichelewa kujibu, Windows inahamia ya pili, inaambiwa jina halipo, inaamini. Baada ya kurekebisha, ipconfig /flushdns, kisha nslookup ofisi.local, majibu yawe anwani za vidhibiti vyenu. Ikiendelea kugoma, Test-NetConnection SEVA-DOM -Port 445 itakuonyesha kama njia yenyewe imefungwa. Tazama na saa ya laptop: ikipishana na ya domeni kwa zaidi ya dakika 5, utambulisho wa Kerberos unakataliwa.

Nina stesheneri Nkuhungu. Kompyuta mpya ya Windows 11 haifungui kisanduku chetu cha diski cha mtandao, za zamani zinafungua bila hata nenosiri.

Hilo "bila hata nenosiri" ndilo linalokataliwa. Windows 11 (Pro, Enterprise na Education) kuanzia toleo 24H2 inadai kila muunganisho utiwe saini, na mgeni asiye na nenosiri hana cha kutilia saini. Utapata mtu wa kukuonyesha namna ya kuzima ulinzi huo, usimsikilize. Ingia kwenye ukurasa wa kisanduku, sasisha programu yake, washa SMB (lugha ya kushea folda) 2 na 3, zima SMB 1, unda mtumiaji mwenye nenosiri, zima Guest. Kwenye kompyuta fungua Credential Manager ufute maingizo ya zamani ya kisanduku hicho, kisha unganisha upya.

Kwa kuwa nakala ziko seva mbili, Bahi na Dodoma, bado tunahitaji bakapu? Mhasibu anatoa bakapu ya programu yake kila jioni na kuiweka humohumo kwenye folda ya pamoja.

Mnahitaji. Mtu akifuta folda Bahi saa nne, kufuta huko nako ni badiliko, na kutafika Dodoma kwa uaminifu uleule. Kirusi kikifunga mafaili, nakala ya pili itafungwa pia.

Na nendeni sasa hivi mkatazame ile bakapu ya mhasibu kwenye seva ya Dodoma. Kama jina lake linaishia na .bak, haimo. DFS ikianzishwa huja na kichujio kinachoruka mafaili ya ~*, *.bak na *.tmp, bila kuandika kosa lolote. Badilisheni kwenye sifa za folda iliyorudufishwa, sehemu ya File filter, mkitoa *.bak na kubakiza yale mengine mawili. Jioni hiyohiyo pimeni foleni kwa dfsrdiag backlog, kwa sababu mafaili yote ya .bak yaliyorundikana tangu mfumo usimikwe yataanza safari kwa pamoja.